Tangi linapoteza mitungi sita kila jioni, na koki imefungwa

#1 JaManyatta, Kisumu

Wadau, hamjambo. Uzi utakuwa mrefu kidogo, aliye na chai aiweke karibu.

Naishi kwenye ploti ya nyumba kumi na mbili hapa Manyatta. Sote tunategemea tangi moja jeusi la lita 5,000 lililo juu ya mnara wa vyuma nyuma ya vyoo. Maji ya bomba huja kwa siku zake, na tangi likikauka hakuna anayejua mpaka mtu ashikwe na povu la sabuni usoni. Zamani keateka, mtunza ploti, alikuwa akiligonga kwa kijiti, anasikiliza mlio, kisha anatoa hukumu: "Yapo," au "Yamekwisha." Katikati hapakuwa na neno.

Mimi ni mtu wa kuchokonoa vyombo tangu utotoni. Redio ya babu niliifungua nikiwa darasa la sita, nikaifunga, skrubu tatu zikabaki mkononi na bado ikaimba. Nikaona la tangi naliweza.

Kwenye kifuniko nimefunga sensa ya mwangwi, JSN-SR04T, ile isiyoingia maji. Inapiga mlio usiosikika na sikio, mlio unagonga uso wa maji na kurudi, kibao kinahesabu muda. (Nilianza na HC-SR04 ya macho mawili. Mvuke wa tangi uliila ndani ya mwezi, miguu yake ikaota kutu ya kijani kama sarafu ya zamani.) Kibao ni NodeMCU, kompyuta ndogo yenye chipu ya ESP8266, kimo ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, kinasoma kila dakika tano na kutuma kwa waifai mpaka chumbani kwangu. Seva ni simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo. Nimeweka Termux ya kuendeshea programu za seva, PHP ya kuandika ukurasa na SQLite ya kuhifadhi takwimu, imelala juu ya kabati na chaja yake usiku na mchana. Uzuri wa simu ni kwamba ina betri, stima ikipotea seva haijui. Anayetaka kujua hali ya maji anafungua ukurasa mmoja: picha ya tangi, asilimia, na grafu ya saa 24.

Sasa shida. Grafu inaonyesha maji yakiongezeka mchana, siku ambazo bomba halijatoa hata tone, halafu yanashuka jioni. Hili halitokei tangi likiwa limejaa. Hutokea yakiwa machache, yaani wakati ule ule ambao mtu akiibiwa ndoo moja anaumia. Watu wakaanza kutazamana. Lawama zikaenda moja kwa moja nyumba namba saba, kwa mama anayefulia watu nguo.

Jumapili iliyopita fundi wa mabomba alikuja saa tisa alasiri. Keateka akafunga koki kuu chini ya tangi, akang'oa mpini, akautia mfukoni. Mpaka saa tatu usiku hakuna aliyechota. Grafu ikashuka sentimita 5. Upana wa tangi nimeupima, sentimita 180, kwa hiyo kila sentimita ya kina ni lita 25 na ushee. Tano ni lita 127. Hiyo ni mitungi sita ya lita 20, na ya saba imeanza kujazwa. Nimepanda na tochi, tangi halina ufa, chini ya mnara vumbi kavu.

Mitungi sita imekwenda wapi?

#2 Kijana_Kondele

Sita tu? Huyo mwizi ana adabu zake.

#3 Fundi_FreeArea, Nakuru

Mkuu, kabla ya kutafuta mwizi angalia waya. Mguu wa kurudisha mwangwi wa hiyo sensa unatoa volti 5, na ESP8266 inataka 3.3. Umeweka rezista za kugawa, au umeunganisha hivyo hivyo?

#4 JaManyatta

Zipo. Kilo-omu 1 juu, 2 chini, inatoka 3.3. Nilichoma kibao kimoja ndipo nikajifunza.

#5 Fundi_FreeArea

Sote tulichoma. Na waya kutoka kwenye jicho la sensa ni mrefu kiasi gani?

#6 JaManyatta

Ule ule uliokuja nao, mita mbili na nusu. Kibao kiko hapo hapo mnarani.

Kijana_Kondele, omera, usicheke. Hujui nilikotoka na mradi huu. Siku ya kwanza nilipomwambia keateka naweka sensa juu ya tangi, alinyamaza sana. Kesho yake ploti nzima ilishajua kwamba landilodi anahesabu watu ili bili ya maji ilipwe kwa kichwa. Nyumba namba tatu walimficha binamu yao siku mbili.

#7 Kijana_Kondele

😂😂 Na ulipomwambia unaandika kodi ya kompyuta?

#8 JaManyatta

Akasema hata yeye huiandika, kila tarehe tano, kwenye kitabu cheusi.

#9 Betri_Bondeni, Nakuru

Niwakatize kidogo. Mimi natengeneza betri, ya maji nawaachia. Umesema simu imelala kabatini na chaja usiku na mchana. Kwa muda gani?

#10 JaManyatta

Miezi saba hivi.

#11 Betri_Bondeni

Ichukue sasa hivi. Iweke mgongo chini juu ya meza iliyonyooka, uisukume pembeni kwa kidole kimoja. Ikigoma ni sawa. Ikizunguka kama pia, usilale nayo chumba kimoja.

#12 JaManyatta

Imezunguka.

#13 Kijana_Kondele

Yesu.

#14 Betri_Bondeni

Chomoa chaja, izime, itoe nje, iweke kwenye karai la mchanga mbali na mlango. Usiibonyeze irudi, usiitoboe "ipumue", nimeona mtu akifanya hivyo kwa pini na moshi wake sitausahau.

Sababu ni hii. Betri ya lithiamu haipendi joto, na haipendi kukaa imeshiba. Ikifika volti 4.2 ikaachwa hapo wiki baada ya wiki, tena chini ya mabati ya Kisumu, ute ulio ndani unaanza kuvunjika na kutoa gesi. Pakiti imezibwa pande zote. Gesi haina pa kutokea, basi inasukuma mfuniko, na mgongo wa simu unakuwa mviringo. Mara nyingi mwenyewe haoni kwa sababu simu ya seva hakuna anayeishika.

Nunua betri nyingine, lakini usirudie mtindo ule ule. Simu yenyewe inajua asilimia yake. Pakia Termux:API, uipe amri ya termux-battery-status, itakujibu. Tumia kibao kingine cha ESP na rilei, swichi inayoendeshwa na kibao: ikishuka 40 rilei iwashe chaja, ikifika 80 izime. Rilei ikate waya mwekundu wa USB, upande wa volti 5. Upande wa 240 usiuguse, hauna sababu ya kuugusa.

#15 Fundi_FreeArea

Kwa heshima yote, Betri, mbona usimwondolee betri kabisa? Mimi nina simu mbili zinazokwenda bila betri, mwaka wa pili huu. Unachukua kibao cha kushusha volti, unakipima mpaka kisome 4.0, unalehemu kwenye miguu ya betri, chanya na hasi. Mguu wa tatu ndio wa kupima joto. Kwenye simu zangu niliupa rezista ya kilo-omu 10 hadi hasi, simu ikadhani betri ipo na ina afya. Hakuna cha kuvimba.

#16 Betri_Bondeni

Na stima ikipotea?

#17 Fundi_FreeArea

Inazima, ikirudi inawaka.

#18 Betri_Bondeni

Basi umeua sababu ya kutumia simu. Afadhali angenunua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Halafu hukumwambia jambo moja: simu ikiwa na laini, inapotafuta mnara inavuta mpaka ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Kibao dhaifu kitayumba na simu itajizima yenyewe saa nane usiku, atalaumu programu mwezi mzima.

#19 Fundi_FreeArea

Hapo kweli. Zangu hazina laini, na nimeweka kapasita ya maikrofaradi 2,200 karibu na miguu. Nakubali kwa ploti inayokatikiwa stima rilei ni bora. Ila tumia ule upande wa rilei ambao hushikana wakati rilei haina umeme, ili kibao kikifa simu ibaki inachaji badala ya kufa njaa.

#20 JaManyatta

Hilo la mwisho nisingelifikiria. Betri mpya nitaitafuta soko la Kibuye Jumapili. Kwa sasa nimehamishia seva kwenye laptopu, ukurasa uko hewani. Simu iko kwenye karai, majirani wanauliza kwa nini nimezika simu.

Na mitungi yangu sita?

#21 Binti_Nzoia, Webuye

Mimi nimefungua ukurasa wako kwa bando la saa moja, nikamaliza kunywa uji kabla haujafunguka. Kaka, ukurasa wa kuonyesha nambari moja una megabaiti 2.4! Nimeuchungulia ndani: picha ya machweo ya ziwa megabaiti 1.6, mwandiko (fonti) wa aina tatu ulioazimwa kutoka ng'ambo, na maktaba nzima ya JavaScript ya kuchora grafu yenye mstari mmoja. Majirani zako wanalipia haya yote ili wajue kama wataoga.

#22 JaManyatta

Hiyo picha niliipiga mwenyewe Dunga.

#23 Binti_Nzoia

Ni nzuri sana. Itundike ukutani.

Grafu usimwachie simu ya jirani aichore, ichore wewe kwenye seva. Kusoma kila dakika tano ni nukta 288 kwa siku. PHP inaweza kuziandika kama mstari mmoja wa SVG, mchoro wa maandishi matupu, ndani ya HTML ya ukurasa wenyewe, kila nukta herufi saba au nane, jumla kilobaiti mbili na kitu. Mwandiko tumia uliomo ndani ya simu ya msomaji. CSS, yale maelekezo ya mwonekano, mistari kumi, iweke humo humo kwenye ukurasa. Ukibana kwa gzip utashuka hadi kilobaiti chache.

Kwa nini nahimiza hivyo: seva inapoanza kuzungumza na simu mpya haimwagi kila kitu kwa mkupuo. Kwa kawaida hutuma vipande kumi vya kwanza, kama kilobaiti 14, halafu inasubiri simu iseme imepokea ndipo iendelee. Kwenye mtandao unaokokota, kila kusubiri kunauma. Ukurasa ukiingia wote kwenye mkupuo wa kwanza, mtu anabonyeza na kuona. Mimi hujenga kurasa za watu wa huku kwetu na simu ninayojaribia ni ile mbovu kuliko zote nyumbani. Ya mama.

Na uandike nambari kubwa juu kabisa, kwa maandishi. Tangi lako la kuchora linapendeza lakini nilikaa nikijiuliza buluu ni maji au ni hewa.

#24 JaManyatta

Dada, nimeumia lakini nimesikia. Nitalifanya usiku huu.

#25 Ticha_Amalemba, Kakamega

Habari za jioni. Nimesoma tangu juu na kuna sentensi moja haijanitoka: kwamba "wizi" hutokea maji yakiwa machache, na hautokei tangi likijaa. Hebu tubandikie ule mstari wa programu unaogeuza muda kuwa sentimita.

#26 JaManyatta

Huu hapa, Mwalimu:

sentimita = muda / 58

Muda uko kwa maikrosekunde. Niliutoa kwenye mfano wa mtandaoni, kila mtu anatumia 58.

#27 Ticha_Amalemba

Ndiyo, kila mtu. Sasa hiyo 58 ilitoka wapi? Sauti ikienda mita 343 kwa sekunde, sentimita moja kwenda na kurudi inachukua maikrosekunde 58 na kidogo. Na 343 ni mwendo wa sauti katika hewa ya nyuzi 20. Aliyeandika ule mfano alikuwa mezani kwake, penye ubaridi. Tangi lako ni jeusi, liko juani, Kisumu.

Sauti hukimbia zaidi hewa ikipata joto. Hesabu ya kukadiria ni nyepesi: chukua 331.3, ongeza 0.606 kwa kila nyuzi ya selsiasi. Tuseme hewa iliyo juu ya maji alasiri ni nyuzi 45. Mwendo unakuwa karibu 358.6. Mwangwi unarudi mapema kuliko programu yako inavyotarajia, nayo inadhani maji yako karibu zaidi. Saa tatu usiku hewa imeshuka, tuseme 25, mwendo 346.5, mwangwi unachelewa, programu inadhani maji yamekwenda chini.

Nieleze: Jumapili ile, kutoka kwenye sensa hadi usoni mwa maji palikuwa na umbali gani?

#28 JaManyatta

Tangi lina kimo cha sentimita 200. Maji yalikuwa karibu robo. Kwa hiyo kama 150 za hewa.

#29 Ticha_Amalemba

Zidisha 150 kwa 343, gawanya kwa 358.6. Utapata 143.5. Hiyo ndiyo sensa yako iliyoiona alasiri. Rudia kwa 346.5, utapata 148.5.

Toa.

#30 JaManyatta

Tano.

Sentimita tano kamili.

#31 Kijana_Kondele

Nimesimama kwenye matatu nikasema "TANO" kwa sauti. Kondakta ananidai.

#32 Ticha_Amalemba

Ndiyo maana tangi likijaa hamwibiwi. Likijaa, hewa iliyobaki ni sentimita 20 au 30, na asilimia tatu na nusu ya 30 ni sentimita moja, haionekani kwenye grafu. Likiwa karibu tupu, sauti inasafiri mbali ndani ya hewa ya moto na kosa linakua. Jua lilikuwa linawajazia tangi mchana na kulipunguza jioni, na mama wa watu analaumiwa.

Lakini usiniamini mimi, nimekisia hizo 45 na 25. Pima. Nunua kipimajoto cha DS18B20, ile ya kichwa cha chuma chenye waya, itundike ndani ya tangi kwenye hewa, isiguse maji wala ukuta. Weka rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na 3.3, bila hiyo itakusomea takataka.

#33 Fundi_FreeArea

Ticha, nikupinge kidogo. Plastiki nayo ikipata joto inatanuka. Mnara pia ni chuma. Na volti ya kibao hupanda na kushuka. Haiwezekani ikawa ni hayo?

#34 Ticha_Amalemba

Swali zuri, na njia ya kulijibu ni rahisi. Kama una sensa ya pili, ifunge kwenye ncha ya ubao, ncha ya pili upigilie kipande cha mbao kinachoitazama, umbali wa sentimita 150. Uanike ubao juani kutwa. Hapo hapana tangi wala maji, na mbao haiwezi kutanuka sentimita tano. Namba ikitembea, ni hewa.

#35 Betri_Bondeni

Huyu angenifundisha mimi fizikia nisingekuwa nalehemu Bondeni.

#36 Ticha_Amalemba

Ungelehemu tu, ila ungejua kwa nini.

#37 Binti_Nzoia

Mwalimu, swali la mtu wa kurasa. Akirekebisha, zile takwimu za zamani kwenye SQLite afanyeje? Mimi ningependa asizifute.

#38 Ticha_Amalemba

Asizifute. Ila namba aliyohifadhi ni sentimita zilizokwisha kukosewa. Kuanzia sasa ahifadhi muda wenyewe kama ulivyotoka kwenye sensa, na nyuzi za joto pembeni. Sentimita zihesabiwe wakati wa kuonyesha. Kesho akigundua kosa jingine hatakuwa amepoteza kitu.

#39 JaManyatta

Siku tisa baadaye, narudi na mrejesho. Samahani kwa kimya, mvua ilipiga na sikutaka kupanda mnara ukiwa umelowa.

Ubao niliuanika juu ya kibanda cha kuku. Sikuwa na sensa ya pili ya aina ile, nikafufua ile HC-SR04 iliyoota kutu, nikaisugua miguu kwa mswaki na spiriti. Ikafanya kazi, sijui kwa kiburi gani. Asubuhi saa moja ilisoma 150. Saa nane mchana ilisoma 146. Kipande cha mbao hakijasogea, nilikipigilia misumari minne. Kuku ndio waliosogea.

DS18B20 nayo nimeitundika. Jumamosi saa tisa alasiri hewa ya ndani ya tangi ilikuwa nyuzi 46. Saa tatu usiku, 26. Mwalimu, ulikisia ukiwa Kakamega na ukakosea nyuzi moja moja.

Jumamosi hiyo hiyo nilimwomba keateka afunge koki tena, saa tisa hadi saa tatu. Hakupenda. Nilimnunulia soda, na nikawaarifu wapangaji wajaze ndoo mapema. Maji yalikuwa chini ya robo. Nikaacha kibao kihifadhi muda na joto kama alivyosema Mwalimu, na ukurasa ukachora mistari miwili: mwekundu wa hesabu ya 58, na wa kijani wenye joto ndani. Mwekundu umeporomoka sentimita tano kama Jumapili ile. Wa kijani umelala. Unatetemeka nusu sentimita huku na huku lakini umelala.

Ukurasa sasa ni kilobaiti 6, dada. Nambari iko juu, kubwa kama ya nyumba. Picha ya Dunga nimeitundika ukutani, kweli.

Simu imepata betri mpya na rilei yake. Ukikaa kimya chumbani unaisikia: tak, imefika 80. Baada ya saa kadhaa, tak, imeshuka 40. Nimeizoea kama saa ya ukutani. Niliacha wazo la kuiweka kabatini, sasa iko dirishani penye upepo, na kila Ijumaa naizungusha mezani kwa kidole.

#40 Betri_Bondeni

Ukiikuta inazunguka tena nitafute mapema.

#41 Fundi_FreeArea

Niliuliza la plastiki nikidhani namnasa Mwalimu. Nimejibiwa na kibanda cha kuku. Nakubali.

#42 Kijana_Kondele

Na mama wa namba saba je? Ploti imemwomba radhi, au mmeishia kwenye mistari ya kijani?

#43 JaManyatta

Nilimpelekea laptopu mwenyewe, nikamwonyesha mstari mwekundu na wa kijani. Alikuwa anakamua shuka. Alitazama kidogo, akasema, "Hiyo mistari wapelekee waliokuwa wananihesabia ndoo. Mimi nilijua sijachukua." Akaendelea kukamua.

Nikazunguka nayo mlango kwa mlango kama muuza mboga. Namba tano alisema alijua tangu mwanzo kuwa ni mitambo, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtaja. Namba tatu walileta omena na unga, wakamkabidhi mama bila maneno mengi. Keateka naye alipoona joto la tangi nyuzi 46 akauliza kama anaweza kuoga hayo maji bila kuwasha jiko. Nilimweleza kwamba ni joto la hewa, maji yenyewe hayafiki huko. Alisikitika kwa dhati.

Sasa huyo mama ana kabambe, simu ya vibonyezo, hawezi kufungua ukurasa hata ukiwa kilobaiti sita. Naye ndiye anayehitaji habari ya maji kuliko sisi sote, kwa sababu ya kazi yake. Nikakumbuka seva yangu ni simu. Nikaitia laini ya zamani. Termux:API ina amri ya kutuma ujumbe mfupi, termux-sms-send, unaipa namba na maneno. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi inamwandikia: "Tangi 64%. Ndoo 160." Ya ndoo aliidai mwenyewe, asilimia hazimwambii kitu.

#44 Binti_Nzoia

Hiyo ndiyo sehemu bora ya uzi mzima. Herufi ishirini, hazina hata CSS.

#45 Ticha_Amalemba

Nitawapa kidato cha pili hesabu ya tangi lako, bila jina. Ila nitawaficha lile la tangi likijaa haliibiwi, walitafute wenyewe.

#46 JaManyatta

Karibu, Mwalimu. Nikutumie faili lote la saa zile sita za koki kufungwa, nukta 72, muda na joto.

Jambo la mwisho. Jana nimeingia kwenye seva kuangalia kama ujumbe unatoka, nikakuta sanduku la ujumbe lina barua zilizoingia. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu angeijibu. Mama wa namba saba amekuwa akiijibu kila asubuhi, wiki nzima. "Asante mwanangu." "Nimeona, Mungu akubariki." Ya juzi, siku tangi liliposhuka 18: "Pole na kazi. Umekula?"

#47 Kijana_Kondele

Na seva haikumjibu mtu mzima?

#48 JaManyatta

Usiku nimeongeza mistari minne. Sasa inajibu.